Mstari Mwekundu Ndani ya Shogi: Shajara ya Klabu ya Wanyama, Lamu

Januari

Klabu imepata chumba: darasa la gredi ya 8, kila Jumamosi baada ya sala ya adhuhuri. Waliojiandikisha wengi ni wa gredi ya 7 hadi ya 9. Nimewaomba waje na kaka zao walioacha shule wakashika punda, na hao ndio ninaowataka hasa. Kumwambia mtoto asiyewahi kushika kamba ya punda kwamba punda ahurumiwe ni kazi nyepesi, lakini punda hapati chochote. Mwenye kumpatia au kumnyima ni yule anayetoka naye alfajiri na kurudi naye magharibi.

Kwa asiyeijua Lamu: mji wa kale, uliomo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, una vichochoro ambavyo watu wawili wakikutana mmoja hupisha. Gari halipiti. Saruji, mchanga, mawe kutoka kisiwa jirani cha Manda, boriti, madumu ya maji, takataka, vyombo vya bibi harusi, vyote hupita mgongoni mwa punda. Kisiwani wanakadiriwa kufikia 3,000. Hospitali ya punda ya shirika la The Donkey Sanctuary ipo hapa mjini tangu 1987 na inatibu bila malipo, kwa hiyo hatuanzi patupu. Ila hospitali humpokea punda akishaumia. Sisi tunataka kufuata kidonda nyuma, hadi kule kilikoanzia.

Februari

Somo la kwanza lilikuwa aina tano za uhuru wa mnyama. Chimbuko lake ni Uingereza. Mwaka 1965 kamati ya Profesa Brambell ilisema mnyama wa kufugwa apewe angalau nafasi ya kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha na kunyoosha viungo. Mwaka 1979 likaundwa baraza la ustawi wa mifugo, na kutoka hapo yakaja mafungu tunayofundisha leo: mnyama asikae na njaa wala kiu, awe na mahali pa kujistiri na kupumzika, asiachwe na maumivu, jeraha wala ugonjwa, aweze kuishi kwa tabia ya umbile lake, asiishi kwa hofu. Niliandika yote ubaoni, wakanakili vizuri sana, na nusu yao wakapiga miayo.

Jumamosi iliyofuata tukahamia ufukoni. Mzee mmoja mwenye punda alikubali tuwashike wake wakiwa wamepumzika. Kila mtoto aliweka kiganja ubavuni. Wanaopima hali ya mwili wa punda hutumia alama 1 hadi 5: wa 3 mbavu huzioni ila ukipapasa unazihisi, wa 1 unazihesabu ukiwa mbali, wa 5 hata ukibonyeza huzipati. Wasichana wawili walibishana juu ya punda mmoja, huyu anampa 2, mwenzake 3, wakapapasa tena na tena hadi punda mwenyewe akasogea. Ubishi ule ulifundisha kuliko ubao wangu. Kisha tukahesabu pumzi kwa kutazama ubavu unavyopanda na kushuka. Punda aliyetulia hupumua yapata mara 20 kwa dakika. Walipojaribu kwa mmoja aliyekuwa ametoka tu kupandisha saruji kutoka gatini, hesabu iliwapotea.

Jambo lililonichukua muda mrefu kulieleza ni kwamba punda huficha maumivu. Kwa mazoea yetu mnyama akiumwa hulia au hulala. Asili ya punda ni punda mwitu wa nchi kame za Pembe ya Afrika, huko ambako mnyama anayeonyesha udhaifu huliwa. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Science unasema alifugwa kwanza upande huu wetu wa Afrika ya Mashariki, yapata miaka 7,000 iliyopita. Vijana walifurahi kusikia hivyo, kama kwamba tumeshinda mechi. Lakini tabia ile ya nyikani hajaiacha: anaweza kuwa na kidonda chini ya tandiko na bado akaenda na mzigo. Dalili ni ndogo: masikio yameanguka pembeni, kichwa kiko chini, anajitenga na mwenzake, anahamisha uzito mguu huu na huu.

Hapo kijana mmoja wa punda, ambaye tangu aje alikuwa amekaa nyuma kimya, akasema: "Maalim, na asante ya punda si mateke?" Darasa zima likacheka. Nikamwuliza yeye aliwahi kupigwa teke akiwa amesimama wapi. Nyuma, akasema. Na kabla ya teke? Akafikiri. "Alilaza masikio." Basi kazi ikawa hiyo: kila mmoja wao aje na orodha ya vitu ambavyo punda hufanya kabla ya kupiga teke. Orodha zilikuwa ndefu. Vijana wa punda walijua mambo ambayo hayamo kwenye kitabu changu chochote, kwa mfano kwamba punda fulani hukataa kupita kwenye kichochoro fulani kwa sababu mwaka jana aliteleza hapo akiwa na boriti.

Machi, Ramadhani

Kazi za ujenzi zimepungua na punda wanalala mchana. Tukamwalika ustadh wa madrasa ya mtaa. Nilidhani ataswalisha, atoe mawaidha mafupi, aondoke. Alikaa nasi hadi karibu na laasiri.

Alianza na hadithi wanazozijua tangu chuoni: mwanamke aliyeadhibiwa kwa paka aliyemfungia bila chakula, na mtu aliyesamehewa kwa kumteremkia kisimani mbwa mwenye kiu. Akaenda kwa ile ya ngamia aliyemlalamikia Mtume (S.A.W.) kwamba mwenyewe anamkondesha na kumchosha kwa kazi. Hapo vijana wa punda wakainua vichwa. Kisha akataja punda aliyetiwa chapa usoni, na laana iliyomshukia aliyefanya vile.

Swali likaja papo hapo: na chapa ya shingoni je, maana punda wengine hutiwa alama ili wasiibwe? Ustadh akasema ngamia wa sadaka walitiwa alama, kwa hiyo alama yenyewe haikukatazwa, kilichokatazwa ni uso. "Lakini nanyi mwulizane," akaongeza, "kama kuna rangi ya kumpaka itakayoonekana, ya nini moto?"

Wasichana walikuwa na lao. Wengi hawashiki punda kabisa, na walichoka kukaa kama wageni katika klabu yao. Wakaleta habari ya kuku wa Idd: anayetoka sokoni akibebwa miguu juu, kichwa chini, watatu mkono mmoja, hadi nyumbani, na kisu butu. Ustadh akawasomea hadithi ya kunoa kisu na kumpumzisha mnyama unayemchinja. Binti mmoja ameanza kubeba kuku wa mama yake kwenye kapu. Anasema jirani anamcheka. Anaendelea.

Aprili, likizo

Baada ya Idd kazi za ujenzi zimerudi kwa kasi, na sisi tukaingia kwenye kiini.

Wahudumu wa punda hushauri kwamba mzigo wa mgongoni usizidi theluthi ya uzito wa punda. Tukachukua utepe wa fundi cherehani, tukapima kifua cha kila punda nyuma kidogo ya miguu ya mbele, tukasoma uzito kwenye jedwali. Punda wa hapa si wakubwa. Wengi waliangukia kati ya kilo 120 na 150, yaani mzigo wa kilo 40 hadi 50. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Kwa hesabu hiyo punda mwenye nguvu abebe mfuko mmoja, na mdogo hata huo umemzidi. Ufukoni tunaona miwili.

Kijana mmoja akasema saruji ina afadhali, maana inajulikana uzito wake. Mchanga je? Hakuna aliyejua. Tukaazima mizani ya kuning'iniza kwa mchuuzi wa samaki, tukajaza debe la lita 20. Mchanga mkavu ulipita kilo 30. Tukaumwagia maji, tukajaza debe lilelile tena, ukakaribia 40. Waliangalia ile mizani kimya, kisha wakaanza kusema wote kwa pamoja. Wamebeba mchanga miaka yote kwa shogi, ule mfuko wa pande mbili unaoning'inia mgongoni mwa punda. Safari ni safari, shogi ni shogi, na malipo ni yaleyale masika na kiangazi. Mvua ikinyesha punda anaongezewa mzigo na hakuna aliyeuongeza.

Tukapiga hesabu pamoja. Kwa punda wa kilo 150, shogi lote, pande zote mbili, lisizidi debe moja na nusu la mchanga mkavu, au moja na robo la mbichi. Kawaida hapa ni zaidi ya hapo, na kuna siku ni maradufu.

Mei

Nilikuwa nimepanga mwezi huu uwe wa mabango. Kijana yuleyale wa swali la mateke aliuvunja mpango wote kwa maneno machache: "Nikipakia nusu, mzigo wa kontrakta utaisha kwa safari mbili. Yeye analipa safari. Hiyo ya pili nailipwa na nani? Na jioni mwenye punda anataka hesabu yake."

Basi mabango ya nini? Kijana hana punda, punda ni wa mtu. Hapangi mzigo, anajaziwa na wapiga koleo. Hapangi bei. Tunayemwona barabarani na fimbo mkononi ndiye mwenye sauti ndogo kuliko wote, na ndiye anayetukanwa na kila mpita njia. Nimeona wageni wakimkemea mtoto wa miaka kumi na tano ufukoni, kisha wakainua simu wampige picha na punda wake. Kemeo hilo halijawahi kupunguza hata koleo moja la mchanga.

Kwa hiyo swali la klabu limebadilika. Tuliuliza punda anatendewaje. Sasa tunauliza nani anapima mzigo.

Majibu mawili yalijadiliwa kwa Jumamosi kadhaa. La kwanza: walipwe kwa debe badala ya safari. Wengi waliliunga mkono hadi binti mmoja wa gredi ya 9 akasimama: "Akilipwa kwa debe, mwenye tamaa atakuwa ni yeye mwenyewe. Ataweka matatu amalize mapema." Vijana wa punda walimtazama kwa hasira, kisha wakakiri ni kweli. Jibu la pili ndilo tulilolichukua: shogi lenye kipimo. Ndani ya shogi ushonwe mstari wa uzi mwekundu. Mchanga uishie hapo, na hiyo ndiyo iitwe safari moja. Mstari wa pili, chini kidogo, wa mchanga mbichi. Bei ipatanwe kwa shogi la mstari.

Mama mmoja anayeshona mikeka ametufundisha kushona uzi usiokatika. Wavulana wanashona vibaya mno.

Juni

Somo la sheria. Kenya ina Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, na vijana walishangaa kuona kwamba kosa si kupiga tu: kumpakia mnyama kupita kiasi, kumwendesha kupita kiasi, kumfanyisha kazi akiwa hafai kwa kazi, kumsafirisha kwa namna ya kumtesa, vyote vimo. Wasichana wa kuku walishangilia hapo penye kusafirisha. Nilisisitiza kwamba hatutembei na sheria mkononi kumtisha mtu. Tunaitumia kuonyesha kwamba tunachokiomba si upole wa wageni, ni jambo ambalo nchi ilishaliandika.

Tukagusia pia biashara ya ngozi, maana wengine walidhani utetezi ni maneno matupu. Mwaka 2012 Kenya iliruhusu punda achinjwe kwa biashara, machinjio manne yakapewa leseni: Baringo, Naivasha, Turkana na Machakos. Ngozi zilikwenda China kutengenezwa ejiao, dawa ya asili inayopikwa kutokana na ngozi ya punda. Punda mmoja hubeba mimba mwaka mzima au zaidi na huzaa mtoto mmoja, kwa hiyo hakuna namna ya kuwazalisha kwa kasi ya machinjio. Wezi wakaanza kuwachukua usiku. Sensa ya 2009 ilihesabu punda zaidi ya milioni 1.8, ya 2019 ilikuta karibu milioni 1.2. Wenye punda waliandamana, wanawake wanaochota maji kwa punda wakiwa mbele, na Februari 2020 waziri wa kilimo Peter Munya akapiga marufuku. Mei 2021 Mahakama Kuu ikalitengua agizo hilo. Tanzania nayo ilifunga biashara hiyo mwaka 2022, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, wakikutana Addis Ababa, wakakubaliana kuisimamisha bara zima kwa miaka 15.

Niliwaachia pale penye mahakama kwa wiki nzima kabla ya kuwaambia mwisho wake. Nilitaka wakae na hali ya kushinda kisha kunyang'anywa. Mmoja alikuja nyumbani kwangu katikati ya wiki kuuliza yaliyofuata.

Julai

Tumekutana na makontrakta. Walikuja wachache, katika baraza ya mzee wa mtaa, kahawa na kashata juu yetu. Vijana wawili wa punda walizungumza, na binti wa gredi ya 9 akaonyesha hesabu. Mizani ilikuwapo, debe lilikuwapo.

Kontrakta mmoja alisema wazi: "Mimi nanunua mchanga. Punda sinunui." Mwingine akasema shogi la mstari litampandishia gharama na mteja hatamwelewa. Aliyetuokoa ni fundi mwashi mzee, ambaye hakuja kwa ajili ya punda hata kidogo. Alisema miaka yote anachanganya zege kwa kukisia kwa sababu safari moja ya punda haifanani na nyingine. Kama kila shogi litakuwa na kipimo kimoja, atajua ana mchanga kiasi gani, na saruji haitapotea. Kontrakta aliyekuwa anasonya akanyamaza. Nimejifunza kitu hapo kuhusu utetezi ambacho sikukikuta kwenye miongozo ya semina: mtu hahitaji kumpenda punda ili akubali kitu kinachomfaa punda.

Jengo moja limekubali kujaribu wakati wa likizo ya Agosti. Bei ya shogi la mstari ni ndogo kuliko ya safari ya zamani, ila si nusu yake. Walibishania hapo hadi magharibi, wazee na vijana, na mimi nikatoka nje kuswali nikawaacha.

Agosti

Majaribio. Yaliyokwenda vizuri: punda wa jengo lile walikwenda haraka, hawakusimama kwenye ngazi, na vijana hawakutumia fimbo sana kwa kuwa hapakuwa na haja. Jioni mapato yalikaribia yale ya zamani kwa sababu safari ziliongezeka. Mwenye punda mmoja amekataa kusema kama anaupenda mpango, lakini ameomba ashonewe mistari kwenye mashogi yake yote.

Yaliyokwenda vibaya: safari nyingi ni mwendo mwingi wa miguu kwa kijana, na walichoka. Punda naye akitembea zaidi anataka maji zaidi, hadi lita 20 na ushei kwa siku ya joto, na kati ya gati na jengo hakuna hori hata moja. Kisha jengo la jirani likaleta vijana wengine wasio wa klabu, wakajaza mashogi hadi juu kwa bei ileile ya safari. Wetu walitaka kupigana. Tulikaa nao usiku, na wao wenyewe wakafikia uamuzi kwamba wale wasitengwe, waalikwe. Wamekuja watatu. Mmoja wao ana punda mwenye kidonda cha mkia kilichotokana na kamba ya nailoni. Tulimpeleka hospitali siku hiyohiyo, na daktari akawaonyesha namna ya kuivika kamba kitambaa laini. Akawakumbusha pia chanjo ya pepopunda.

Kuna bodaboda pia. Zinaongezeka pembeni mwa mji, na kijana mmoja mzuri kabisa ametuacha akaenda kuendesha. Simlaumu. Punda wake amehamia kwa mdogo wake, ambaye bado hajaja klabuni.

Septemba, siku za Maulidi

Mji umejaa. Tuliweka meza karibu na ufuko, mizani ikining'inia, na mtu yeyote akaruhusiwa kukisia uzito wa debe la mchanga mbichi. Karibu wote walikisia chini. Wasichana waliandaa kuku wawili, mmoja kwenye kapu na mmoja wa kuchora, kwa sababu waligoma kumning'iniza wa kweli hata kwa mfano. Mashindano ya mbio za punda yalivuta watu wote na meza yetu ikabaki na watoto wadogo, ambao waliendelea kujaza debe na kulimwaga hadi mchanga ukaisha.

Oktoba

Kaunti imetangaza kikao cha maoni ya wananchi kuhusu bajeti. Klabu imeandika maombi matatu katika ukurasa mmoja: hori la maji karibu na gati; kivuli hapohapo; na katika zabuni za majengo ya kaunti yenyewe, mchanga usafirishwe kwa shogi lenye kipimo. Hilo la zabuni ni wazo la vijana, na ndilo ninaloliamini zaidi. Kaunti hujenga madarasa na zahanati. Ikiandika sharti kwenye mikataba yake, makontrakta walewale wataweka mistari kwenye mashogi, na shogi halibadilishwi kila jengo.

Pamekuwa na mabishano juu ya nani azungumze. Mwalimu mwenzangu alitaka binti wa gredi ya 9, kwa kuwa Kiswahili chake kimenyooka na hesabu anaijua. Binti mwenyewe alikataa. Alisema asimame mwenye kushika punda, yeye atakaa karibu na karatasi za hesabu. Kijana wa mateke amekubali, kwa sharti kwamba hatasoma kitu na kwamba mizani iletwe ukumbini, itundikwe hapo mbele ya wote, na wajumbe walinyanyue debe kwa mikono yao. Mchuuzi wa samaki ameshatuazima ile ya kwake. Mchanga mbichi tutauchukua asubuhi ya kikao.